Fedha za VVU zinaishia korido: hizi kidogo za saratani niziweke wapi?

Nesi wa Zamu ameuliza:

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wa 14 niko kliniki ya VVU. Naomba ushauri wa watu waliopita njia hii, awe mgonjwa, mhudumu au mshika kalamu wa bajeti.

Tumeambiwa kuna mfadhili yuko tayari kutuongezea fedha kidogo kwa miaka 2 "kwa ajili ya kuunganisha huduma za VVU na saratani". Hatukupewa maelezo zaidi ya hayo. Rasimu ya mchanganuo nimeachiwa mimi, kwa kuwa ndiye ninayekaa na wagonjwa hawa muda mrefu kuliko wote, na inatakiwa Ijumaa ijayo.

Hali yenyewe iko hivi. Mgonjwa akiwa upande wetu halipi kitu. ARV bure, kipimo cha wingi wa virusi bure, na akikosa tarehe tuna mtu wa kumpigia simu. Akionekana na uvimbe anavuka korido kwenda upande wa saratani, na huko mambo yote yanageuka. Kukatwa kinyama cha kupimwa saratani analipa, kusomewa analipa, damu analipa, dripu analipa, na asipotokea hakuna wa kumtafuta. Korido yenyewe ina hatua 60. Nimezihesabu.

Nina dada mmoja ambaye sijaweza kumtoa moyoni. Alikuwa na miaka 9 kwenye dawa, virusi havionekani kwenye kipimo, hajawahi kukosa tarehe hata moja. Tulimchunguza kwa kumpaka siki kwenye mlango wa kizazi tukaona kidonda kikubwa kuliko vile tunavyoruhusiwa kuvichoma wenyewe. Nikamwandikia rufaa. Kinyama kilikatwa wiki ileile, kikakaa kwenye kichupa kikisubiri fedha ya kusomewa. Kila mwezi alikuja kwangu kuchukua ARV, namuuliza majibu, ananiambia bado. Nikaandika "bado" kwenye faili lake mara tano, kwa mkono wangu huu. Majibu yalipotoka na akapimwa upya, ugonjwa ulikuwa umeshafika kuta za nyonga. Alifariki virusi vikiwa bado havionekani. Kwenye taarifa yetu ya mwisho yeye yumo kwenye hesabu ya waliofanikiwa, maana tunachoulizwa ni wingi wa virusi peke yake.

Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke mwenye VVU ana hatari ya kupata saratani ya mlango wa kizazi takriban mara 6 ya mwanamke asiye na VVU, na linataka aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 25, kisha kila baada ya miaka 3 hadi 5. Wanawake hao tayari wako mikononi mwetu na tunawajua kwa majina. Ndiyo maana inaniuma.

Sasa wenzangu wamegawanyika. Wengi wanataka tununue mashine ya kupima HPV, yaani kile kirusi kinacholeta saratani hiyo, kwa sababu mashine inaonekana na mfadhili ataipiga picha. Daktari wetu anataka dawa za kemo, yaani za kutibu saratani. Mimi nafsi yangu iko kwenye ile korido, ila sijui "korido" inaandikwaje kwenye jedwali la bajeti. Nisaidieni.

---

Karani wa Bajeti amejibu:

Dada nesi, pole kwa huyo mgonjwa wako. Nimefanya kazi ya kuandika bajeti za ruzuku za afya kwa muda, nikwambie ninachokijua.

Kwanza ujue kwa nini korido hiyo ipo. Fedha kubwa za VVU duniani ziliundwa kwa ajili ya magonjwa maalumu. Mfuko wa Dunia ulianza 2002 kwa UKIMWI, kifua kikuu na malaria, na PEPFAR ya Marekani ikaja 2003. Zimeokoa watu wengi sana, nami silalamiki juu ya hilo hata kidogo. Lakini kila kifungu kina mpaka wake. Baadaye mpaka ulisogezwa kidogo: mwaka 2018 PEPFAR na wenzake walianzisha mpango wa Go Further, ambao ulilipia uchunguzi na kuchoma vidonda vya awali kwa wanawake wenye VVU katika nchi kadhaa za Afrika. Mfuko wa Dunia nao unakubali maombi ya namna hiyo. Angalia lakini mstari ulipochorwa: kidonda ambacho hakijawa saratani kinalipiwa, kikishakuwa saratani mgonjwa anahamia kwenye bajeti nyingine, ambayo mara nyingi ni mfuko wake mwenyewe. Dada yako aliangukia palepale kwenye mstari.

Pili, miaka 2 ni mifupi. Ukiweka dawa za kemo, jiulize mwezi wa 25 atakayekuwa katikati ya mizunguko yake atamaliziwa na nani. Nimeona mradi ukifungwa wagonjwa wakiwa mzunguko wa tatu kati ya sita, na sitaki kuona tena. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, kila mtu aliona mnyororo unavyokatika kwa barua moja. Kwa hiyo dawa za kila mwezi ziombewe kwenye bajeti ya kudumu, ya serikali au bima, hata kama itachukua muda. Ruzuku fupi iingie kwenye vitu vinavyobaki baada yake, au kwenye mapengo madogo yanayoua watu.

Kuhusu "korido" kwenye jedwali, inaandikika. Andika "ufuatiliaji wa rufaa hadi tiba ya kwanza", kisha uivunje: mshahara wa mtu mmoja, nauli za wagonjwa, muda wa simu, na mfuko mdogo wa kulipia vipimo vya ugonjwa. Mfadhili anaelewa lugha hiyo. Na weka kiashiria chako mwenyewe usisubiri kupewa: idadi ya siku kutoka rufaa hadi tiba ya kwanza. Kisipohesabiwa hakilipiwi, na wewe umeshaona ubaya wake.

---

Mama wa Wawili amejibu:

Mwanangu nesi, nimesoma habari ya huyo dada nikaweka simu chini kwanza.

Mimi nina VVU na niliugua saratani ya Kaposi. Ilianza na madoa meusi yenye rangi ya zambarau kwenye unyayo, kisha mguu ukavimba hadi kiatu hakiingii. Mahali pa kwanza nilipokwenda waliniambia ni ugonjwa wa ngozi, wakanipa vidonge vya steroidi. Wiki chache baadaye madoa yalikuwa yamepanda hadi pajani na moja limetokea kwenye paa la mdomo. Daktari mwingine baadaye ndiye aliyeniambia kwamba steroidi huweza kuichochea Kaposi. Huyo alinifungua mdomo akatazama na tochi. Wa kwanza hakunifungua mdomo.

Nilianza ARV na kemo kwa pamoja. Sasa nikueleze kuunganisha huduma kunavyokosekana ukiwa ndani yake. Nilikuwa na mafaili mawili. Siku ya kliniki ya VVU ilikuwa Jumanne, siku ya kemo Alhamisi, kila wiki ya tatu. Kwa mtu ambaye mguu mmoja umekuwa mzito kama gogo, Jumanne na Alhamisi ni safari nne. Kemo ilinitapisha. Nikitapika ARV nusu saa baada ya kumeza, nimeze tena au niache? Niliuliza upande wa kemo wakasema hizo si dawa zetu, kaulize kule. Kule wakasema tapishi linatokana na kemo, kaulize kule. Kuna siku nilikaa kwenye benchi la katikati nikalia, siyo kwa maumivu, kwa kutojua mlango upi ni wangu.

Na upande wa saratani waliandika hali yangu ya VVU juu ya jalada la faili, kwa kalamu nyekundu. Faili linakaa miguuni pa kitanda. Shemeji yangu alilisoma. Hilo sikuwa nimemwambia mtu.

Kilichoniokoa ni mama mmoja aliyejitolea, naye anaishi na VVU. Hakuwa nesi. Alibeba mafaili yangu yote mawili chini ya kwapa, akasimama foleni ya maabara mimi nikiwa nimelala, akawaomba wanihamishie kliniki iwe Alhamisi ileile. Siku ambayo sikutokea alikuja kunigongea. Nilikuwa nimeamua kuacha. Nilimaliza mizunguko yote kwa sababu yake na hakuwa akilipwa hata nauli. Mashine sijui, dawa sijui, wataalamu mtajadili. Ila kama una mshahara mmoja wa kuandika, uandike wa mtu kama yule. Na uandike pia makabati ya mafaili yenye kufuli.

---

Nesi wa Zamu amejibu:

Mama, asante kwa kutuamini na jambo hilo. La kalamu nyekundu nimelipeleka leo kwenye kikao cha asubuhi, maana hata sisi tunayo alama yetu ya rangi kwenye jalada na hatujawahi kuona ubaya wake. Kuhusu kutapika: swali lako lilistahili jibu siku ileile uliyouliza. Kuna mfamasia humu? Nataka jibu la namna hii liwepo kwenye karatasi moja inayotumika pande zote mbili.

---

Mfamasia wa Wodi amejibu:

Nipo. Dozi iliyotapikwa nusu saa baada ya kumeza kwa kawaida hurudiwa. Ikiwa saa kadhaa zimepita, kwa kawaida unasubiri dozi ya kesho. Lakini hilo ndilo dogo. Nisikilizeni kwenye haya, kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo kila wiki pale mafaili mawili yasiposomana.

Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi anayepata mionzi hupewa na sisplatini, dawa ya kemo. Sisplatini inaumiza figo. Na ARV zinazotumika zaidi sasa, kile kidonge kimoja cha tenofovir, lamivudini na dolutegravir, ndani yake mna tenofovir ambayo nayo huweza kugusa figo. Lazima mtu mmoja aangalie figo kwa macho mawili. Sasa tazameni mtego wa pili: dolutegravir hupandisha kidogo kreatinini, ile namba ya damu tunayopimia figo, bila figo kudhurika, kwa sababu inazuia njia moja ya kuitoa. Daktari wa saratani asiyejua hilo anaona namba imepanda na kumnyima mgonjwa sisplatini aliyoihitaji. Nimewahi kupiga simu kusimamisha uamuzi wa namna hiyo. Kama ningekuwa likizo siku ile nisingejua kilichotokea.

Mgonjwa akipungukiwa damu anapewa vidonge vya madini ya chuma. Akivimeza na dolutegravir tumbo likiwa tupu, chuma kinaikamata dawa na haingii mwilini vya kutosha. Inatakiwa dolutegravir itangulie kwa saa 2 au ifuate baada ya saa 6, au vyote vimezwe pamoja na mlo. Waliobaki kwenye ARV iitwayo zidovudini wanahitaji kuhamishwa kabla ya kemo, maana inashusha damu na kemo inashusha damu. Walio kwenye ARV zenye ritonavir, wakipewa vinkristini, dawa nyingine ya kemo, huweza kupata ganzi mbaya ya miguu na mikono, kwani ritonavir inazuia ini lisiivunje. Na kotrimoksazoli, dawa ya kukinga maambukizi, isisahauliwe, kemo hushusha CD4, yaani chembe za kinga, hata kwa mtu ambaye virusi vyake vimelala.

Mambo haya yote hayahitaji jengo jipya. Yanahitaji saa 2 za mfamasia kwa wiki, akiwa na mafaili yote mawili mezani, kabla ya siku ya kemo. Dada nesi, iandike kwenye bajeti kama muda wa mtu, wasije wakaniambia nifanye kwa moyo wa kujitolea kisha nikihamishwa kazi ife.

Na nimtetee daktari wako kidogo. Kuhusu Kaposi iliyosambaa, utafiti uliochapishwa 2020, uliofanywa Brazili, Kenya, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, ulionyesha kemo ya paklitakseli pamoja na ARV ni bora kuliko bleomisini na vinkristini, na bora kuliko etoposidi ya kumeza. Bado kuna vituo vinatoa zile za zamani kwa kuwa ndizo zilizopo stoo. Kwa hiyo anaposema "dawa" hajakosea. Karani yuko sahihi kwamba ruzuku ya miaka 2 si mahali pake, lakini msiliondoe jambo hilo mezani. Rufaa ya haraka kwenda kwenye stoo tupu nayo ni ukatili.

---

Fundi wa Maabara amejibu:

Nitakuwa mfupi. Kabla hamjanunua mashine ya HPV, ingieni maabara yenu mkatazame kama hamna GeneXpert. Sehemu nyingi ipo kwa ajili ya kifua kikuu, nyingine inapima na wingi wa virusi. Mashine hiyohiyo inapima HPV, inachohitaji ni katriji zake. Na mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti, bila kupanda kitanda cha uchunguzi. Kwa hiyo fedha ya mashine iende kwenye katriji na kwenye kile kifaa cha mkononi cha kuchoma kidonda kwa joto, kinachotumia betri. Zamani tulitegemea mitungi ya gesi ya kugandisha na gesi ikiisha akina mama wanarudishwa.

Kuhusu vinyama: kosa ninaloliona zaidi ni formalini, dawa ya kuhifadhia kinyama, kuwa kidogo kwenye kichupa kidogo. Sampuli inaoza kwa ndani na mgonjwa anaitwa kukatwa tena. Wengi hawarudi mara ya pili. Wekeni vichupa sahihi na formalini kwenye bajeti, ni kitu kidogo kabisa. Na mkubaliane na maabara ya patholojia, inayosoma vinyama, kwamba kliniki inalipa kwa mwezi kwa sampuli zote zilizopokelewa. Mgonjwa asiwe ndiye anayesimama kati ya kinyama chake na darubini.

---

Karani wa Bajeti amejibu:

Hilo la malipo ya mwezi ndilo. Liandike kama mkataba wa huduma, si kama msaada kwa mgonjwa mmojammoja. Misaada ya mmojammoja inadai barua, kamati na saini, na hapo ndipo miezi inapopotelea.

---

Nesi wa Zamu amejibu:

Nimekaa na rasimu usiku wa kuamkia leo. Mashine nimeifuta: nimeuliza maabara, GeneXpert tunayo na kuna saa nyingi za mchana inakaa bila kazi. Nimeweka katriji, vifaa viwili vya kuchomea ili kimoja kikiharibika tusisimame, na vichupa. Fungu kubwa kuliko yote nimeliweka kwenye mkataba wa kusomewa vinyama. Linalofuata ni watu: waelekezi wawili wa wagonjwa wanaolipwa, kama yule mama aliyejitolea, wote wawe wamewahi kuwa wagonjwa, pamoja na saa za mfamasia. Kliniki ya VVU na siku ya kemo zitakuwa siku moja kwa mgonjwa mwenye vyote viwili, hilo halihitaji fedha na mganga mkuu amelikubali papo hapo. Nikajiuliza miaka yote hii tulikuwa tunangoja nini.

Kemo nimeshindwa kuiingiza na sijatulia nayo. Nimeandika ukurasa wa pembeni kwenda kwa wanaopanga bajeti ya kudumu, wenye orodha ya dawa na idadi ya wagonjwa wetu waliokosa mwaka jana, majina yao nikiwa nimeyaficha. Nimeandika pia morfini ya kunywa, ya kutuliza maumivu, kwa wanaotufikia wamechelewa, kwa sababu hata mkataba huu ukikubaliwa wapo waliokwisha kuchelewa, nao ni wetu.

Mfamasia, nitumie ile karatasi moja ukiwa tayari, nitaibandika pande zote mbili za korido.

---

Mama wa Wawili amejibu:

Mwanangu, hao waelekezi wawili utawapata wapi? Maana mimi mguu wangu umepona, natembea.

---

Nesi wa Zamu amejibu:

Mama, nimekuandikia pembeni. Majibu ya mfadhili hatujayapata, lakini sikusubiri. Nimechora safu mpya kwenye rejesta, kichwa chake "siku tangu rufaa". Leo asubuhi alikuja mama mmoja, kidonda chake kinafanana na kile cha yule dada. Tumechanga wenyewe kliniki nzima, kinyama kimetoka saa nne, na nimevuka nacho korido mimi mwenyewe hadi mezani kwa msomaji. Kwenye safu yake leo nimeandika 0.